Shangazi na Zimwi la Lötschental

Nilimweleza shangazi kila kitu ndani ya treni, kabla hatujafika Goppenstein. Kwamba katika bonde la Lötschental, huko Wallis, Uswisi, kuanzia 2 Februari mpaka Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu, hutembea Tschäggättä: vijana waliojivika ngozi za mbuzi na kondoo, kengele ya ng'ombe kiunoni, usoni kinyago cha mti chenye meno yaliyopishana. Wakikukuta njiani jioni, wanakusugua theluji usoni. Zamani walikuwa makapera watupu.

"Makapera! Sasa nani ampe binti yake mtu wa hivyo?" akasema shangazi. "Na usinitishe. Mimi mtoto wa Tanga, majini nayajua kwa majina."

Mapajani alikumbatia mkoba wenye chupa ya achari ya maembe, zawadi ya kuwapelekea wenyeji wetu wa kijiji cha Wiler. Achari yenyewe si ya kitoto. Kwetu huliwa kwa ncha ya kijiko, maji yakiwa karibu.

Basi lilitushusha wakati wa magharibi. Hatukufika mbali. Kengele ikalia nyuma ya ghala la mbao, halafu likatoka, refu kunipita, linanuka beberu. Nikatimua mbio. Simkimbii shangazi, hapana, natafuta msaada upande wa pili. Theluji ikanimeza mpaka kiunoni, nikabaki nimesimama kama mti wa muhogo.

Kwa hiyo niliyaona yote. Zimwi likachota theluji, likamsogelea. Shangazi akaanza Ayatul Kursi kwa sauti ya kusimamisha basi. Alipoona haliondoki, nadhani aliamua kuwa halijui Kiarabu, akalitwanga mkoba wa kichwa. Kinyago kikaenda upande. Chupa haikuvunjika, mfuniko ndio uliofyatuka, achari ikatapakaa kwenye manyoya na glavu.

Kinyago kikavuliwa. Ndani mna kijana mwekundu, jasho linamtoka, anaomba radhi kwa Kijerumani cha bondeni ambacho hata mimi mkazi wa Bern hakiniingii.

"Muulize achari yangu nani atalipa!"

Kijana akaitazama glavu yake, akainusa. Sijui alidhani ni jemu? Akalamba.

Theluji yote aliyotuandalia aliila mwenyewe, magoti chini, kengele ikilia kila akikohoa.

"We mtoto, mrushie na hiyo ya kwako," shangazi akaniamuru. "Huku imekwisha."