Nimebembeleza Dari

Kabla hamjanicheka, mjue nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu. Nimechomekea. Mtu haendi kununua friji amevaa kama anakwenda kuchota maji.

Mchezo nimepokea Jumapili, laki nane na sitini. Friji nililolitolea macho tangu mwezi wa tatu liko kwenye shorumu moja pale Kariakoo, 845,000. Elfu kumi na tano ya kirikuu. Hesabu imekaa, haina hata mia ya maji ya kunywa.

Saa nne na dakika kumi asubuhi nimesimama mbele yake. Sasa hawa wameachana na stika. Kila kitu kina kibao kidogo cha plastiki, herufi nyeusi kwenye weupe: 845,000, na chini kwa maandishi ya sisimizi, VAT imo. Nikapiga picha, nikamtumia mama Zuhura. Akajibu "ngoja". Mnaijua "ngoja" ya mwanamke ambaye hajaongea na dada yake wa Mbagala.

Dakika saba. Nimeuegemea mlango wa friji kama mwenye mali, mara kibao kikapepesa. Kikawa cheusi, kikawa cheupe, kikawa cheusi tena, kama mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni. Kilipotulia: 869,000.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa. 869,000.

"Kijana!"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiki kitu kimenibadilikia."

"Ndiyo mzee, ni mfumo. Mzigo mpya umeingia kwa bei mpya, na dola nayo unaijua."

Dola naijua. Tangu 2025 wamekatazwa kuandika bei kwa dola, ikatoka kwenye lebo, kumbe ilihamia kwenye kompyuta tu.

"Mimi nina ushahidi," nikatoa simu. "Saa nne na kumi. Soma."

"Hiyo ni bei ya zamani mzee."

"Zamani ya dakika saba?"

Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Zamani walikuwa wakikesha na bunduki ya stika, wakibandua na kubandika. Siku hizi mtu wa ofisini anaandika bei mara moja kwenye kompyuta, inarushwa kwa mawimbi ya redio, na vibao vyote vya bidhaa ile vinabadilika bila mtu kugusa ngazi.

"Sasa nani hasa amepandisha? Niongee naye."

Kijana akanyoosha kidole juu. Nikadhani anamtaja Mungu, nikanyamaza kwa adabu. Kumbe ni kwenye dari: kuna kiboksi cheupe, kama sahani ya chai iliyofunikwa.

"Anasikia?"

"Yeye kazi yake kutuma tu, mzee."

Kinyume cha mjomba wangu wa Tanga, ambaye anasikia sana, ila kutuma ndiyo hakuna.

Sijui nilipatwa na nini. Mtu mzima nikainua uso, nikaiambia dari, "Basi tufanye laki nane na hamsini, tusiumizane." Mama mmoja upande wa pasi akasogeza mtoto wake.

Halafu umeme ukakatika. Televisheni zote kimya, feni zikaishiwa pumzi, kaunta giza. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasema sasa tuko sawa, tuzungumze kibinadamu. Nikawasha tochi ya simu, nikamulika friji. 869,000. Halijatikisika.

"Kile hakitegemei umeme wa ukutani," kijana akasema gizani. "Kina betri ndogo kama ya saa, na kioo chake kinaila kinapobadilika tu. Kikishaandika, kinakaa hivyo hivyo. Betri moja inaweza kwenda hata miaka mitano."

Duka zima limelala, iliyobaki macho ni bei!

Umeme uliporudi ndipo yule mama akapata la kwake. Pasi aliyoshika inasoma 1,250,000. "Hii inanyoosha nguo au inanyoosha na mume?" Ikaonekana wakati wa kuunganisha vibao na bidhaa, mtu aliskani kibao cha pasi kwenye msimbo wa televisheni. Kijana akakimbia kurekebisha. Mimi macho yangu yakaenda kwa jamaa mmoja kwenye televisheni za inchi hamsini na tano. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Amekumbatia boksi kwa mkono mmoja, mkono wa pili unahesabu elfu kumi kumi.

Mimi sipingi maendeleo. Nakumbuka rafu ikisema elfu sita, kaunta ikisema elfu saba na mia tano, ukiuliza unaambiwa stika haikubadilishwa. Hilo nakubali limepata dawa. Lakini jamani, Kariakoo! Unataja, anacheka. Anataja, unaondoka. Unaondoka polepole, masikio umeyaacha nyuma, mpaka usikie "mzee rudi basi, leta hela". Mimi nimeoa kwa njia hiyo. Sasa kibao kitaniitaje?

Nikajaribu hata hivyo. Nikaondoka. Hatua kumi, kumi na tano, nikafika mlangoni, nikasimama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Hakuna aliyeita. Ikabidi nirudi kutafuta mwavuli ambao sikwenda nao, kijana akanisaidia kuutafuta, maskini, mpaka nyuma ya mafriji.

Saa tano na nusu simu ikalia. Mama Zuhura: "Dada amesema chukua."

Kwenye daladala konda hana chenji. Nimeshuka bila mia mbili yangu.

Nyumbani sikuulizwa kitu, nilipewa sufuria tu nikachukue samaki wetu kwenye friji la jirani, tunakohifadhi kwa heshima. Jirani kanikaribisha vizuri, kanipa na stuli. Tuliweka changu wanne. Nimerudi na watatu na kichwa kimoja, na mama Zuhura anasema lazima mimi ndiye niliyehesabu vibaya.