Chembe sahani za watoto: tusianze na mashine

Wa nyumbani na wa ughaibuni tukizungumzia matibabu ya watoto, mjadala huishia kwenye mashine. Huku ughaibuni ipo inayochuja chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, kutoka kwa mchangiaji mmoja na kumrudishia damu iliyobaki. Kwetu ni adimu. Ila mengi ninayotamani yafike nyumbani hayaihitaji mashine hiyo.

Huku hawakimbilii kuongeza chembe sahani. Mtoto mwenye saratani ya damu, asiyevuja damu wala kuwa na homa, husubiri mpaka hesabu ya chembe hizo ishuke chini ya 10,000 kwa mikrolita. Nyumbani bado utasikia mtoto ana 40,000, anacheza kitandani, na ndugu wanahangaika kutafuta wachangiaji. Tena hesabu ikishuka ghafla, maabara hutazama kwanza tone la damu kwenye hadubini, kwa kuwa chembe huweza kugandana ndani ya kichupa na zikahesabiwa chache. Kwa watoto njiti, utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa walioongezewa mapema, chini ya 50,000, walikufa au kuvuja damu vibaya kwa wingi zaidi kuliko waliosubiriwa hadi chini ya 25,000.

Linaloniuma zaidi ni damu nzima, isiyotenganishwa, kutumika badala ya chembe sahani. Mtoto wa kilo 10 huhitaji mililita 100 hadi 150 za chembe sahani, kwa nusu saa hadi saa moja. Mfuko mmoja wa damu nzima wa mililita 450 hutoa kama mililita 50 tu. Kwa hiyo kipimo chake kimo kwenye mifuko miwili au mitatu, ilhali damu yote mwilini mwake haifiki lita moja! Ukimpa mmoja hesabu haipandi vya kutosha. Ukilazimisha zaidi, mapafu yanajaa maji.

Sentrifuji ya mifuko, mashine inayozungusha damu kwa kasi, inatosha kuzitenganisha chembe sahani, mradi kazi ifanyike ndani ya saa chache na damu isipitie friji kwanza. Baada ya hapo zinakaa nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa taratibu, kwa kawaida siku 5. Muuguzi akiuweka mfuko kwenye friji ya wodi, mwili wa mtoto utaziondoa chembe hizo upesi. Joto hilo hustawisha bakteria pia, hivyo homa ikipanda mtoto akiwa anaongezewa, mpira ufungwe mara moja, mfuko upelekwe maabara kupimwa bakteria.

Tunaochangisha fedha ughaibuni, tununue kitikisio na tulipie mafunzo ya wauguzi kwanza.