Njaa nyingine si ya tumbo
Mwandishi wa makala moja niliyosoma anasema kupunguza uzito ni nidhamu tu. Labda hajawahi kupanda mzani kila asubuhi akivua hadi saa ya mkononi, kama nilivyofanya mimi. Ikizidi hata nusu kilo, siku imeharibika. Kumbe maji na chumvi peke yake vinaweza kusogeza mshale kilo 1 au 2 bila mafuta kuongezeka! Jioni nilikula nimesimama mbele ya friji, taa nimezima, kana kwamba naiba kwangu mwenyewe. Msongo wa mawazo hupandisha homoni ya kotisoli, nayo huchochea hamu ya vitamu. Halafu aibu huleta msongo mwingine, unarudi kwenye friji. Hilo mwandishi hakuligusa kabisa.