Lugha Hukaa Penye Mchezo

Majirani zangu wa Shela, hapa kisiwani Amu (Lamu), ni familia ya lugha mbili. Mama ni Mfaransa, baba ni Mwingereza, na watoto wao, binti na mdogo wake wa kiume, wanasema Kifaransa na Kiingereza bila kubabaika. Kila anayewatembelea huuliza: mmewafunza vipi? Mnatumia vitabu gani? Kuna mwalimu anayekuja? Mimi naona maswali hayo yanapita kando ya jambo lenyewe, na nataka kueleza kwa nini, kwa sababu jambo hili linatugusa sisi wenye Kiamu, Kiswahili chetu cha hapa, kuliko linavyowagusa wao.

Kanuni wanayo: kila mzazi na lugha yake. Si kanuni ya jana. Mwaka 1913 mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat alichapisha habari za mwanawe Louis, aliyelelewa kwa Kifaransa cha baba na Kijerumani cha mama, kwa ushauri wa Maurice Grammont kwamba kila mmoja ashike lugha yake asiiache. Lakini shinda siku moja kwa majirani zangu uone kanuni inavyokiukwa. Mama humjibu mumewe kwa Kiingereza, watoto wanachanganya, na hakuna anayemkemea mwenzake. Kisichoguswa ni kwamba kila lugha ina shughuli zake humo ndani, tena shughuli zenye raha.

Chukua petanki. Mchezo huu ulizaliwa La Ciotat, karibu na Marseille, mwanzoni mwa karne ya 20. Unataka matufe ya chuma, ya mashindano yakiwa na uzito wa gramu 650 hadi 800 kila moja, na kigololi cha mbao kinachorushwa mbele umbali wa mita 6 hadi 10. Unasimama ndani ya duara, miguu pamoja, unatupa tufe lako likikaribie kigololi, na wanaotangulia kufika pointi 13 ndio washindi. Maji yakitoka, hasa siku za bamvua, mchanga wa Shela huwa mpana na mgumu, na mama huyo hushuka ufukweni na mfuko wake wa matufe, watoto wa mtaani nyuma yake. Ubishi huja pale matufe mawili yanapolingana kwa macho. Binti huchutama na uzi, akapima, akapima tena, na kelele zote za kudai na kukataa ni za Kifaransa, maana mwamuzi ni mama na mama haamui kwa lugha nyingine. Nimemsikia mtoto wa nahodha, ambaye hajaingia darasa la Kifaransa hata siku moja, akihesabu mpaka 13 kwa lugha hiyo na kudai pointi yake kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

Baba yeye ni mtu wa ndege. Ndege wa pwani wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia wakishajaa kwenye matope ya mikoko, yeye na mwanawe huondoka alfajiri na darubini na daftari, na kila kilichomo daftarini ni Kiingereza. Tarehe 2 Februari ni zamu ya Kifaransa tena: mama hupika krepu, ndugu wa chapati zetu za maji, na desturi ya kwao ni kuigeuza kwa kuirusha juu huku umeshika sarafu katika mkono wa pili.

Usiku ni Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi zenye pointi, na maboksi ni mawili, kwa kuwa herufi hazina thamani moja. Kwa Kiingereza W ni pointi 4 na K ni 5. Kwa Kifaransa kila moja ni 10, maana huko ni herufi za maneno ya kuazima zaidi. Likishachaguliwa boksi, mazungumzo ya meza nzima hulifuata. Watoto na rafiki zao wa mtaani wakataka na la Kiswahili, wakakata kadibodi. Q na X zikaachwa nje. A zikaongezwa, kwa sababu zile 9 za boksi la Kiingereza haziwezi kuihudumia lugha yetu. Ugomvi ukazuka juu ya neno la Kiamu, bibi wa nyumba ya pili akaitwa aamue kama linahesabika. Akasema linahesabika, na mimi namuunga mkono kabisa.

Mtaalamu François Grosjean, aliyeandika mengi kuhusu watu wa lugha mbili, anashikilia kwamba mtu huyo hazitumii lugha zake kwa mambo yale yale. Kila moja ina watu wake na nyakati zake. Naamini hivyo kwa sababu naona jambo hilo kwa macho yangu. Kanada ina sheria ya lugha rasmi tangu 1969, na sisi Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za wananchi. Nazithamini sheria hizo, lakini hakuna sheria itakayompa mtoto sababu ya kubishana juu ya uzi na tufe.

Sasa tujitazame hapa Amu. Wazazi wengi tumeanza kuwasemesha watoto Kiingereza cha amri: kaa, kula, vaa viatu, lala. Mtoto hana anachokifurahia kwa Kiingereza hicho, na huku Kiamu nacho tunakinyang'anya kazi zake. Yuko mtoto anayeishi hatua chache kutoka gatini asiyejua foromali, ule mti unaobeba tanga, ni ipi, wala demani, kamba ya kuliongozea tanga, hushikwa na nani. Atajuaje, na chombo anachopanda ni boti ya injini, tena kama abiria? Mambo haya hayaandikwi ubaoni yakaeleweka. Huingia pale kusi limelijaza tanga na ami anakuambia ulegeze demani sasa hivi. Nendeni Malindi muwasikilize vijana wa ufukweni wanavyokimwaga Kitaliano. Wengi wamekiokota kwa wageni, katika kuuza vinyago na kutembeza watu, kwa kuwa kilikuwa na kazi ya kuwafanyia.

Nitaambiwa Wazungu hawa wana pesa na muda. Wanavyo, sikatai, na baba wa hapa anayerudi kutoka baharini usiku hana nguvu za kukaa na daftari la ndege. Lakini bao linataka mashimo 32 na kete 64, mashimo huchimbwa mchangani na kete ni komwe za kuokota. Wazee wanaolijua tunao, na wengi wao wanacheza wenyewe kwa wenyewe kwa sababu hatuwapelekei watoto. Matondoni majahazi yangali yanaundwa, na sijaona fundi akimfukuza mtoto anayetaka kushika pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa za mbao. Ningependa shule na madrasa zetu ziwaachie watoto alasiri moja kwa wiki waende huko na kwa wazee wa bao, wavulana na wasichana, bila mtihani na bila alama.