Nitafutieni Pikapu Isiyo na Akili

Jamani, mimi natafuta pikapu ya kubebea mizigo. Basi. Lakini kila muuzaji ninayemfikia ananipeleka moja kwa moja kwenye skrini ya dashibodi, anaipapasa kwa kidole na kuniambia, "Bosi, hii inakusomea hadi meseji!" Nyuma nimepakia mchanga, mbele kuna mlima, meseji ya nani nisomewe? Namuuliza difu, zile gia za kuzungushia magurudumu ya nyuma, ikoje, ananifungulia muziki.

Mimi nataka pikapu bubu. Vioo vya kuzungusha kwa mkono, gia za mkono, springi za mabamba nyuma, na injini ya dizeli ya zamani yenye pampu ya mafuta isiyojua kompyuta ni mdudu gani. Dizeli ile ikishawaka, umeme inaouhitaji ni wa kushikilia swichi ya kuzimia pale kwenye pampu, imemaliza. Hizi za kisasa ukikanyaga mafuta umepeleka maombi tu. Sensa inaripoti, kompyuta inatafakari, halafu taa ya njano inawaka na gari linajipunguzia nguvu. Limesusa! Nimelikosea nini? Fundi naye anakuja hana hata spana, kabeba kompyuta ya kuongea na mwenzake.

Na lile chujio la masizi kwenye ekzosi ya hizi za kisasa je? Ili lijiunguze lisafike, linataka mwendo mrefu, injini ipate moto vizuri. Mimi safari zangu ni fupifupi, shambani na kurudi, gia ya pili. Kwa hiyo jioni, nimechoka, nitoke tena barabara kuu nikalitembeze gari lisafishe koo. Tena nachoma mafuta yangu mwenyewe!

Ila na ninyi wapenzi wa magari ya kale nitawasema. Hilux, Hilux, pikapu ya Toyota, iko sokoni tangu 1968, haifi! Sawa. Mtu ananunua yenye injini iitwayo 3L (hilo ni jina, si lita), dizeli ngumu kweli, lakini ina mkanda wa taimingi, ule unaozipatanisha pistoni na vali, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Anauliza, "Ulibadilishwa lini?" Anajibiwa, "Gari liko poa." Poa ni kilomita ngapi? Mkanda ukikatika, pistoni zinagonga vali, na poa yako inaishia hapo. Kama huna uhakika, badilisha siku hiyohiyo uliyonunua, acha kubembeleza.

Halafu mnakagua rangi! Rangi inabeba mzigo? Lala chini, gonga chesisi kwa nyundo usikilize, hasa pale springi zinaposhikia, maana kutu hupenda kujificha huko. Na ufike injini ikiwa baridi. Ukikuta boneti la moto, mwulize mwenye gari alikuwa anatoka wapi, kwa sababu injini iliyochoka huwashwa mapema ili isije ikamwaibisha mbele ya mteja.

Shemeji yangu anayo pikapu ya aina hiyohiyo ninayoitafuta. Nilimwuliza maji ya kwenye filta ya dizeli anayamwaga lini, akanitazama. "Maji? Mimi naweka dizeli." Oili anachovya kidole, ananusa, anasema bado. Shemeji, oili ya dizeli huwa nyeusi mapema, rangi haisemi kitu, fuata kilomita! Grisi ya propela, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, ndiyo usiniulize. Vile vichuchu vyake vya kuingizia grisi vimezibwa na tope hadi bomba la grisi halipati pa kushika, na krosi, vile viungo vya propela, zinalia kila anapoondoka. Yeye anaongeza sauti ya redio.

Sasa kasikia natafuta, anataka kuniuzia. Nimemwuliza ina matatizo gani. Akajipiga kifua: "Shemeji, hii nimekaa nayo miaka yote, haijawahi kuguswa na fundi!"

Nimeona. Ndiyo maana naogopa hata kuipanda.