Sikulia, ule ulikuwa moshi

Naona jamaa yangu ameshawahi kupost, eti nililia kijiweni jana kwa sababu ya chesi. Sikulia. Mama chapati alikuwa anawasha mkaa na moshi ukaja upande wangu, basi.

Ilikuwa hivi. Nikawa nawahubiria ile gemu ya Kasparov na Topalov, magwiji wa chesi duniani, Wijk aan Zee kule Uholanzi mwaka 1999, hatua ya 24 Kasparov anachukua ngome yake anagonga kitunda, ile kete ndogo, kwenye mraba wa d4, anaitoa kafara mchana kweupe, halafu hatua inayofuata anatoa na ya pili, mfalme wa Topalov anakimbizwa kama kibaka anavuka ubao mzima mpaka kwenye mstari wa Kasparov mwenyewe. Nikasema kwa sauti, mdomo huu jamani, "Mashine haina roho! Simu haiwezi kuiona hii hata mkiipa dakika kumi. Ikiiona, chapati na chai kwa kila aliyepo hapa."

Waliokuwepo walikuwa saba. Wa nane akaja mbio, sijui nani alimwambia.

Dogo mmoja wa kidato cha pili akapanga kete kwenye simu yake, simu yenyewe kioo kimepasuka, nikajisemea hii hata WhatsApp inaibeba kwa shida. Akabonyeza. Injini, ile programu ya chesi ya kwenye simu, ikaleta hatua nyingine kabisa. Mimi huyo juu ya benchi! (Msinicheke, na nyie mngepanda.) Mikono juu, nazunguka taratibu kama bingwa wa ngumi, "Nimewaambia! Nimewaambia nini mimi!" Nikazunguka raundi nzima, nilipowageukia tena nikakuta kimya, watu wote wameinamia simu, na Mama chapati ambaye hajui hata farasi anatembeaje ameanza kuhesabu vichwa.

Ngome d4. Zile sekunde za kuzunguka ndizo ilizotumia.

Ningeshuka pale mambo yangeisha. Nikabaki juu nikijitetea, "Sawa, imeona, lakini Topalov alikuwa amekufa tayari, hana pa kutokea!" Miaka yote nafundisha watu hivyo. Dogo akasogeza kidole, akasema kwa adabu kabisa, "Anko, mbona inasema asiile ngome, mfalme aende b6 tu? Hapo wako karibu sawa." Ikabidi niiname kuangalia, benchi likainuka upande mmoja, nikatua na makalio kwenye beseni la unga.

Chapati zikaliwa, unga nikaulipa, hela ya bando ndo imeenda hiyo, nawaandikia hapa kwa waifai ya jirani.

Asubuhi nimepita kichwa chini, Mama chapati kaniita kwa nguvu mbele za watu: "Kasparov! Leo unatoa kafara gani?"