Laki Saba

Kikao cha harusi ya shemeji yangu kiliitishwa saa kumi jioni, baa moja ya Sinza, kule nyuma penye viti vya plastiki. Kikaanza saa moja usiku. Mpaka tunafika kwenye keki nilikuwa nimeshapiga miayo 9. Huu wa 10 ndio ulioniponza.

Ulikuja mwayo mpana, wa kufungua koo mpaka machozi, halafu mbele ya sikio pakalia ko! Kama mtu kavunja paja la kuku. Nafunga mdomo, haufungi.

Niseme ukweli, lile taya lilishanionya. Miezi miwili kila nikitafuna mishkaki linalia kwa, kwa, na asubuhi naamka linauma. Kazini kila mtu daktari, wakaamua ni jino. Nikashindilia karafuu kwenye gego lisilo na kosa lolote mpaka fizi ikababuka.

Basi nimekaa, kidevu kimetoka mbele kama droo iliyokwama, mate yanatiririka kwenye shati la kazini. Mwenyekiti akaniona.

"Shemeji kaacha mdomo wazi! Bajeti imemgusa!"

Watu wakacheka. Nikasimama niombe msaada. Sasa, mdomo usiofunga hauna m, hauna b. Nilitaka kusema "Hali mbaya!" Ikatoka: "Ha-i a-a!"

"Laki saba!" akapaza sauti dada mweka hazina, na kalamu imeshafika kwenye daftari.

Vigelegele. Nikatikisa kichwa, nikapunga mikono yote miwili, nikarudia kwa nguvu zaidi: "HA-I A-AAA!"

"Anasisitiza!" akasema mwenyekiti. Ukoo mzima wa mke wangu ukasimama kunipigia makofi. Mfukoni nilikuwa na elfu hamsini, nayo nilipanga kuitoa nusu nusu. Nikamwangalia mke wangu: machozi yanamlenga. Miaka 11 ya ndoa hajawahi kunitazama vile.

Akaja kunikumbatia, bega likalowa. "Mama yangu! Baba Neema kapata kiharusi!"

Hapo tiba zikamiminika. Mjomba mmoja akasema ni mashetani, maana baa ile ina mti mkubwa. Mwingine akakunja mkono wa shati anichape kibao upande wa pili ili taya lirudi. Aliyeniokoa ni mhudumu wa baa, na sinia lake la chupa mkononi: "Bosi, mtamvunja huyo. Iteni bajaji."

Hospitali, mapokezi. "Jina?" Aaa. "La baba?" Aaa. Mke wangu akachukua usukani, mimi nikawekwa kwenye benchi na khanga yake chini ya kidevu.

Akaja kijana, nyuma yangu kabisa, shavu limevimba na uvimbe umeshuka hadi chini ya kidevu, shingo imejaa, anatetemeka kwa homa. Nesi akamuuliza swali moja tu: "Mate unameza?" Akatikisa kichwa. Akaingizwa ndani mbio. Nikainuka kutetea foleni yangu. "Haaa!"

"Wewe unapumua vizuri, hata nje wanakusikia," nesi akasema. "Yule usaha wa jino umeteremka shingoni, unaweza kumziba koo usiku huu huu. Kaa, baba."

Nikakaa.

Daktari wa meno alianza kwa kuuliza kama kifua kinabana au natoka jasho. Taya likiuma pamoja na hayo, alisema, inaweza kuwa moyo, na hilo halingoji asubuhi. Nikaashiria hapana. Nikapigwa picha, kisha akaanza kujifunga bandeji kwenye vidole gumba. "Hii si kwa ajili yako," akasema. "Likirudi huwa linang'ata." Akaviweka juu ya magego ya chini, kulia na kushoto, akakandamiza kwenda chini, halafu akasukuma nyuma. Ko! Mdomo ukafunga wenyewe, tap. Sijawahi kufurahia kufunga mdomo kama siku ile.

"Umewahi. Ungekaa nalo siku mbili tatu misuli ingekaza, pengine ningekulaza kwa dawa ya usingizi. Lilikuwa linalia kabla?"

Nikamweleza ya miezi miwili. Nilipofika kwenye karafuu alicheka mpaka akashika taya lake mwenyewe. Akanifunga bandeji kutoka kidevuni hadi utosini, kama maiti wa heshima. Mtori na uji kwa wiki kadhaa, nisipanue mdomo, na mwayo ukija niweke ngumi chini ya kidevu.

Asubuhi saa mbili, simu. Dada mweka hazina.

"Shemeji, pole. Nakukumbusha ile ahadi."

"Dada," nikasema kwa meno yaliyobana, "mimi jana nilisema hali mbaya. Hali. Mbaya."

Kimya. Nikasikia karatasi zinafunuliwa.

"Hali mbaya ni ya wote, shemeji. Nikuandikie awamu ngapi?"